Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 16: Umenunua nyumba, na waliomo ndani je?



Ndugu zangu, tafakuri ya leo ni ndefu kidogo. Isome kwa mafungu ukipenda, nusu kabla ya futari na nusu baada ya tarawehe. Inamhusu mwenye nyumba, anayetafuta nyumba ya kununua, na aliyepanga. Ukihesabu vizuri, hapo tumo karibu sote.

Juzi baada ya tarawehe ndugu mmoja alinivuta pembeni, tukasimama karibu na mabomba ya kutawadhia. Amenunua nyumba Kashai, vyumba sita vya kupangisha vilivyojipanga safu moja, choo kiko uani. Hela za kununulia amezikusanya kwa miaka mingi, nyingine za kahawa, nyingine za ng'ombe aliouza. Sasa anataka chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani, kijana wake afungue duka kabla ya Idi. Tatizo ni kwamba mle ndani yumo mama mmoja fundi cherehani, na mama huyo alishalipa kodi ya miezi minne mbele kwa mwenye nyumba wa zamani.

Akaniuliza hivi: "Ustadhi, mimi nimemwahidi nini yule mama? Hata jina lake sikulijua. Aliyepokea hela zake ameshaondoka zake Mwanza. Kwa nini ahadi ya mtu mwingine inifunge mimi?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimwomba anipe siku mbili. Jibu nilikuwa nalo, ila nilikuwa na aibu, kwa sababu swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe na nikajijibu vibaya.

*Daftari la chumba cha tatu*

Miaka kadhaa nyuma nilinunua nyumba ya vyumba vinne Muleba mjini. Muuzaji alinionyesha vyumba kwa nje tu, akasema, "Watu wamo, wanalipa vizuri, hutapata shida." Tukaandikiana mbele ya mashahidi, nikalipa. Jumamosi ya kwanza nikaenda na kitabu kipya cha risiti. Chumba cha tatu alikaa mama mmoja muuza dagaa. Nilipomwambia nimekuja kuchukua kodi, akaingia ndani akatoka na daftari la shule lililokunjwa katikati. Humo kulikuwa na saini ya yule muuzaji: amepokea kodi ya miezi sita. Ilikuwa imekwisha miwili tu.

Nikamwambia, "Mama, hayo ni yako na yeye. Mfuate huko huko aliko. Kwangu unaanza upya."

Hakubisha. Alinilipa mwezi mmoja baada ya siku chache, akalipa na wa pili. Ulipofika wa tatu akahama. Mimi nilijiona nimefanya biashara kama watu wengine wanavyofanya. Chumba kilipata mtu mpya ndani ya wiki moja, tena kwa bei ya juu kidogo.

Ramadhani iliyofuata nilikaa kwenye darsa baada ya Alasiri. Shehe alikuwa anasherehesha aya za funga katika Suratul Baqara, ile aya ya 183 hadi ya 187 ambazo kila mwaka tunazisikia. Alipofika mwisho wa 187 wengine tukaanza kujiandaa kuondoka, tukidhani somo limekwisha. Akasema, "Kaeni. Mbona mnakimbia aya inayofuata?" Aya inayofuata, ya 188, inakataza watu kuliana mali zao kwa batili, na inakataza kuzipeleka kwa mahakimu ili mtu apate kula sehemu ya mali ya wenzake kwa dhambi, hali anajua.

Shehe akauliza swali moja tu: kwa nini Mwenyezi Mungu ameiweka aya hiyo hapo hapo, mlangoni mwa aya za funga? Mchana mzima umejizuia chakula chako mwenyewe, cha halali, ulichokinunua kwa jasho lako. Je, umejifunza kujizuia na cha mwenzako?

Nikakumbuka lile daftari.

Nilimtafuta yule mama karibu mwezi mzima. Nilimkuta Kemondo, bado anauza dagaa. Nikamhesabia kodi ya miezi minne: miwili aliyonilipa mara ya pili bila haki, na miwili aliyokuwa ameshailipia akaikimbia kwa sababu yangu. Akazihesabu taratibu, akazifunga kwenye kanga. Nikamwomba anisamehe. Akasema, "Nimekusamehe baba. Ila usingekuja, nisingekusamehe." Nilirudi Muleba nimekaa dirishani mwa daladala, kila kituo nayawaza maneno yale. Kama angehamia Ngara au Kahama nisimpate, au kama mmoja wetu angetangulia mbele ya haki, deni lile lingelipwa kwa sarafu gani?

Mtume (s.a.w.) alitueleza habari za mtu aliyefilisika. Huyo ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, lakini huku alimtukana huyu, alikula mali ya yule. Kila mmoja atalipwa kutoka katika mema yake, na mema yakiisha atabebeshwa madhambi yao. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim na tunaijua karibu kwa moyo. Mimi niliijua. Haikunizuia kukata risiti.

*Basi limefika Muleba*

Turudi kwa ndugu yetu wa Kashai. Kwa nini ahadi ya mtu mwingine imfunge yeye?

Hebu fikiria basi limetoka Bukoba alfajiri kwenda Mwanza. Limejaa, kila abiria ana tiketi. Basi likiwa Muleba, mwenye basi anakuuzia. Mmeandikiana, umelipa, basi ni lako kweli. Sasa je, utapanda mlangoni uwaambie abiria, "Mimi sikuwauzia tiketi, shukeni, au lipeni nauli upya"? Hakuna atakayekuelewa. Hata mtoto mle ndani atakwambia: safari hii imeshauzwa. Wewe umenunua basi lenye watu wanaokwenda Mwanza. Likishafika Mwanza, nauli za safari inayofuata ni zako.

Nadhani tunajichanganya pale tunapodhani ahadi ya muuzaji imeruka kutoka kwake ikatuangukia sisi, kama deni la mtu asiyetuhusu. Tukilitazama hivyo, ni kweli linaonekana kama uonevu. Lakini liangalie kwa upande wa muuzaji. Siku ile alipokuuzia, alikuwa na nini mkononi cha kukuuzia? Nyumba, ndiyo. Lakini kukaa ndani ya chumba cha mbele kwa miezi minne ijayo alikwisha kukuuza, na hela yake ameshaila. Mtu hawezi kuuza mara mbili kitu kimoja. Kwa hiyo wewe hukupata nyumba yenye mzigo wa ahadi ya mwingine. Ulipata nyumba pungufu ya miezi minne ya chumba kimoja. Hicho ndicho kilichokuwapo sokoni siku ile.

Mafakihi wetu waliliona jambo hili zamani. Wanatenganisha kitu chenyewe na manfaa yake. Mwenye kupangisha ameuza manfaa kwa muda, na kitu chenyewe kimebaki kwake. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho mashehe wengi wa Afrika Mashariki wamekisoma, anasema kwa kauli iliyo dhahiri zaidi kwamba nyumba iliyopangishwa inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine asiyekuwa mpangaji, na upangaji hauvunjiki. Mahanafi wakaenda njia nyingine: wanauzuia mauzo hayo yasitimie mpaka mpangaji aridhie au muda wake uishe. Njia mbili tofauti, lakini zote mbili hazimtoi mpangaji nje kabla ya muda wake.

Na kama mnunuzi hakujua kwamba mle ndani kuna mtu aliyelipia? Hapo ana haki, tena haki kubwa. Anaweza kuyarudisha mauzo au kuyakubali yalivyo. Lakini angalia haki hiyo inaelekea wapi. Inaelekea kwa muuzaji aliyeficha. Aliyekudhulumu ana anwani yake, na anwani hiyo si chumba cha mbele. Mimi kule Muleba niliona muuzaji yuko mbali na mama yuko karibu, nikaenda kwa aliye karibu. Dhuluma nyingi mjini kwetu zinafanyika kwa sababu hiyo hiyo, kwamba mnyonge ndiye anayefikika kwa urahisi.

*Kabla hujatoa hela*

Ndugu unayetafuta nyumba, sikiliza. Mambo haya yanamalizika mapema kama utauliza.

Usikubali kuonyeshwa vyumba kwa nje. Omba siku ambayo muuzaji na wapangaji wote wapo, na kama mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwapo, bora zaidi. Pita chumba hadi chumba na daftari lako. Kila mmoja muulize mbele ya muuzaji: umelipa hadi mwezi gani? Kuna hela ya dhamana uliyoweka? Kuna kitu ulikitengeneza kwa hela yako mkakubaliana kukata kwenye kodi? Kuna ahadi yoyote uliyopewa? Andika, wasaini wote.

Halafu kaa chini upige hesabu. Tuseme vyumba ni sita, kila kimoja shilingi 40,000 kwa mwezi. Mmoja amelipa miezi minne mbele, hiyo ni 160,000. Mwingine miwili, 80,000. Mwingine mmoja, 40,000. Jumla 280,000 ambazo muuzaji ameshazichukua kwa siku ambazo nyumba itakuwa yako. Sasa zungumzeni. Ama mpunguze 280,000 kwenye bei, ama ukubali kwa moyo mweupe kwamba vyumba hivyo vitatu vitaanza kukulipa baadaye. Mkikubaliana lolote kati ya hayo, hakuna aliyeliwa. Njia moja tu ndiyo imefungwa, nayo ni kumwendea mpangaji alipe mara ya pili.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha aibu za bidhaa, biashara yao inatiwa baraka, na wakificha na kusema uongo baraka inafutwa. Wengi tunaisoma kwa kufikiria mchele wenye mawe. Mpangaji aliyelipa mbele naye ni jambo la kubainishwa, kama ufa ulioachwa na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 ukapakwa rangi juu.

Kuna na kidogo ambacho hatukioni. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikawa 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo anayekatwa ni yeye. Kwa mwaka ni 18,000. Utasema hela ndogo. Suratul Mutaffifin haikushuka kwa ajili ya wanaoiba magunia. Imetoa onyo kali kwa wanaopunja kipimo, na kupunja huwa ni kidogo kidogo. Ukichukua nyumba, kaa na wapangaji mkubaliane: ama uwakatie kwenye kodi ya pango, ama mpatane wazi kwamba imo ndani ya bei. Ikiwa wamekubali kwa kujua, ni halali yako. Usinyamaze tu kwa sababu wao hawajui.

*Makaburi hayamo kwenye hati*

Yapo mambo ambayo hata daftari haliyabebi. Mpangaji wa zamani sana aliyeambiwa na marehemu mwenye nyumba, "Wewe kaa hapa, hakuna atakayekusumbua." Kijana aliyeziba nyufa na kubadilisha bati mbili kwa hela yake, wakakubaliana kwa mdomo tu. Bibi anayelima mchicha nyuma ya choo kwa ruhusa isiyoandikwa popote. Je, na hayo yanakufunga?

Hapa naomba nisiseme zaidi ya ninachokijua. Yale ya bati ni deni, na deni lina mwenyewe. Lichunguze, na likithibitika mfuate muuzaji alilipe, au mlikate kwenye bei. Usimwambie kijana, "Huna karatasi." Hata Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua kwamba upangaji wa muda mfupi unaweza kuwa wa mdomo. Ahadi ya "kaa hapa, hakuna atakayekusumbua" ni ngumu zaidi. Haina muda, na mtu hawezi kuahidi milele juu ya kitu atakachokiuza. Kisheria, na hata kifiqhi, naona vigumu kusema imekufunga. Lakini pia siwezi kusema haipo kabisa.

Sisi watu wa huku tunalielewa hilo. Ukinunua kibanja, mara nyingi unakuta makaburi chini ya migomba. Kwenye hati ya mauziano pengine hayakutajwa hata kwa neno moja. Hata hivyo hujasikia mtu mwenye akili timamu amechukua jembe akayalima kwa hoja kwamba "sikuuziwa makaburi". Unayazunguka. Ndugu zao wakija kufyeka, unawafungulia njia. Unajua kwamba ardhi ilikuwa na watu kabla yako. Basi kama maiti tunamstahi, je, bibi aliye hai na mchicha wake?

Tena historia yetu wenyewe inatufundisha. Wazee wanalikumbuka neno nyarubanja. Mkama aliweza kumgawia ndugu yake au mtu wake wa karibu eneo zima la vibanja, watu wakiwa humo humo na migomba yao imesimama. Mtu amelala na kibanja chake, ameamka ni mtwarwa wa bwana ambaye hakuwahi kukubaliana naye neno. Atampelekea sehemu ya mazao, atamfanyia kazi, na akikosana naye anaweza kuondolewa. Mfumo ule ukazidi kupanuka wakati wa ukoloni, kahawa ilipoanza kuleta hela. Baada ya uhuru, mwaka 1965, ikatungwa sheria ya kuukomesha, na waliokuwa wakilima kwa hisani ya bwana wakafunguliwa njia ya kuimiliki ardhi ile. Wengi wetu tunaonunua vyumba Kashai, Hamugembe na Muleba leo ni wajukuu wa watu waliowahi kuamka asubuhi na kuambiwa, "Kuanzia leo bwana wako ni fulani." Tukifika kwa mpangaji Jumamosi na kitabu kipya cha risiti, tukumbuke babu zetu walijisikiaje.

*Muda ukiisha*

Nisieleweke kwamba mpangaji akishaingia hatoki. Nyumba ni yako. Umeitolea jasho, na Uislamu unailinda mali yako kama unavyomlinda mpangaji. Muda aliolipia ukiisha, una haki ya kuchukua chumba umpe kijana wako. Una haki ya kupandisha kodi. Una haki ya kumtoa asiyelipa. Wapo wenye nyumba wajane na wastaafu wanaoishi kwa vyumba vitatu tu, na mpangaji asiyelipa ndiye anayewadhulumu.

Ila haki nayo ina adabu yake. Kwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi, sheria ya nchi inataka notisi isiyopungua kipindi hicho cha kodi. Hicho ni kiwango cha chini. Mwenye watoto wanaosoma jirani, ukiweza msubiri shule zifunge. Aliyekwama kweli, kumbuka Baqara aya ya 280 inavyotaka mwenye shida apewe muda mpaka apate wepesi. Na Mtume (s.a.w.) amemwombea rehema mtu aliye mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai. Huyo anaponunua, ndiye wewe.

Yapo mengine tunayafanya na kuyaita ujanja. Kung'oa mlango. Kuezua bati mvua za masika zikiwa zinanyesha. Kukata umeme ili mtu ahame "kwa hiari yake". Kwenda na mgambo kumtisha mtu asiyejua haki yake. Hapo soma tena mwisho wa aya ya 188, pale inapotaja kuzipeleka mali kwa mahakimu. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alisema kwamba yeye ni binadamu, anahukumu kwa anachokisikia, na huenda mmoja ni hodari wa kujieleza kuliko mwenzake, kwa hiyo atakayehukumiwa apewe haki ya ndugu yake asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Kama hukumu ya Mtume haimhalalishii mwongo, basi na muhuri wa ofisi ya kata hautamhalalishia.

*Na wewe uliyepanga*

Usifurahi sana, bado zamu yako. Nyumba ikibadilisha mwenyewe, baadhi ya wapangaji huona ni soko la bure. Amelipa mpaka mwezi wa tano, anasema mpaka wa nane. Alikuwa na deni la miezi mitatu, anasema, "Tulishamalizana na mzee." Bati aliibadilisha moja, zimekuwa nne. Mnunuzi hajui, muuzaji hapatikani kwenye simu, nani atajua?

Mwezi mzima huu unajua jibu. Hakuna anayekuona jikoni saa tisa alasiri, chungu kimefunikwa, na bado hukifunui. Yule unayemwachia maji ya kunywa ndiye huyo huyo anayejua umelipa mpaka lini. Deni la mzee lipeleke kwa mzee au kwa warithi wake. Halikufa kwa sababu nyumba imeuzwa.

Na wewe muuzaji uliyeko Mwanza au Dar na hela zako, ukisoma ujumbe huu, piga simu leo. Waambie ukweli wote wawili, mnunuzi na mpangaji. Umewaacha watu wawili wagombane kwa ajili ya shilingi ulizokula wewe.

*Nilichomjibu*

Siku ya pili nilimwita ndugu yetu, tukakaa barazani baada ya Alfajiri. Nikampa kisa cha Muleba kwanza, chote, pamoja na daftari. Alinyamaza. Kisha tukaangalia njia.

Nilimwambia njia ya kwanza ni kusubiri. Miezi minne si mingi kwa duka litakalodumu miaka ishirini. Ya pili ni kwenda kwa yule mama na kumwomba, nasema kumwomba. Akubali kwa ridhaa yake kuacha muda wake, na wewe umpe thamani ya miezi minne, umgharamie kuhamisha cherehani na meza, umtafutie na sehemu ambayo wateja wake watampata. Akikataa, amekataa, na usimnunie. Hicho ni chake mpaka muda uishe. Ya tatu, hizo 160,000 kamdai muuzaji kama alikuficha. Kama hakukuficha na wewe ndiye hukuuliza, basi ni ada ya shule, umejifunza.

Akaniuliza, "Na kijana? Nimeshamwambia kabla ya Idi atakuwa na duka."

Nikamwambia hiyo nayo ni ahadi, tena hii umeitoa mwenyewe. Lakini ulimwahidi kitu ambacho kilikuwa bado hakijawa mkononi mwako. Mwite umweleze kwa nini atasubiri. Pengine akianza biashara yake kwa kujua hilo, litamfaa kuliko mtaji.

Jana alinipigia kabla ya futari. Amekwenda Kashai, amekaa na yule mama kwenye benchi la wateja. Mama amesema atafikiria, kwa sababu ana nguo nyingi za Idi za watu na hawezi kuhama sasa hivi. Ndugu yetu amekubali kungoja jibu mpaka baada ya Idi. Sijui wataishia wapi. Nimefurahi tu kwamba amekaa kwenye benchi, hakusimama mlangoni na kitabu cha risiti.

*Kazi ya leo*

Kama una wapangaji uliowakuta ndani ya nyumba uliyonunua, leo chukua dakika kumi. Jiulize kama yupo aliyelipa mara mbili, aliyehama na siku zake, au anayekatwa kwenye LUKU bila mapatano. Ukimkumbuka mmoja, tafuta namba yake ya simu kabla ya kumi la mwisho. Kama ametangulia mbele ya haki, watafute warithi wake. Usingoje mpaka uwe na hela yote. Anza kwa kumwambia, "Nina haki yako."

Ewe Mola wetu, ulizozikubali funga zetu zikubali pamoja na mikono yetu ikiwa safi. Tupe riziki isiyo na kilio cha mtu ndani yake. Tukutanishe na wale tuliowadhulumu tukiwa hai, utupe ujasiri wa kuwarudishia, na uwape wao moyo wa kutusamehe. Warehemu wazazi wetu na wote waliolala katika vibanja vya mkoa huu. Aamiin.

Kesho in shaa Allah tutaendelea. Ukiona ujumbe huu unamfaa mwenye nyumba wako, mtumie kwa adabu. Na kama wewe ndiye mwenye nyumba, watumie wapangaji wako.

Wabillahi tawfiq. Futari njema.